Mvua ya Wasmi na Maharage ya Mama

Umm Salal, Doha
8 Septemba 2024

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unakula na unalala. Mimi mwili umechoka, lakini sina homa wala jeraha, na kwa kibarua wa shambani katika nchi hii hilo si jambo dogo.

Najua simu haikufai tena tangu masikio yako yafunge. Kwa hiyo naandika kwenye daftari, napiga picha, namtumia dada Hidaya. Nimemwambia asikupe usome kwenye kioo cha simu, maana utakataa. Akaichape pale steshenari siku ya gulio, akuletee karatasi uishike.

Baba, wiki sita zimepita tangu mama azikwe na sijakuandikia. Sikujua nianzie wapi. Hidaya alinipigia saa sita mchana, tumelala kwenye kivuli, kwa sababu kiangazi hapa ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Aliponiambia, mama alikuwa ameshaoshwa. Nisingewahi hata ningekuwa na mabawa. Wewe unajua hivyo na mimi najua hivyo, na bado kila ikifika saa sita naona kama nimechelewa mahali.

Lakini leo naandika kwa sababu ya nyota. Juzi kabla ya alfajiri mwenye shamba, mzee mmoja tunamwita Bu Jasim, alitugongea mlango. Tukadhani pampu imeharibika. Akatutoa nje na fimbo yake akaielekeza kusini, chini kabisa, juu ya mitende.

"Unaiona?"

"Naiona, mzee."

"Suheli huyo. Basi, joto limevunjika mgongo."

Hamza, dereva wetu, Mpemba, akafuta shingo akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Jasho langu halijapata taarifa."

Nilicheka, lakini baba, mzee yule alikuwa na machozi. Ana miaka zaidi ya sabini, ana gari lenye baridi na nyumba yenye baridi, na bado anaamka kuitafuta nyota kama mtu anayempokea mgeni. Huku mambo yamegeuka. Kiangazi ndicho kinachoua kila kitu. Shamba lilikuwa vumbi jeupe tangu Juni. Sasa ndiyo tunatifua, ndiyo tunasia nyanya na matango kwenye vitalu. Vuli yao ndiyo mwanzo wa mwaka.

Nikakumbuka kwamba na kwetu vuli inakuja. Baba, utapanda? Maharage ya mama yapo kwenye kibuyu, yale madogo ya njano yenye mstari mweusi. Alipewa na bibi siku ya kuolewa, na Mlalo nzima hakuna mwingine aliye nayo, wote wamehamia mekundu ya sokoni. Yasipopandwa yatapotea.

Mwanao,
Omari


Mlalo, Lushoto
24 Septemba 2024

Mwanangu Omari,

Marahaba. Nipo. Nakula anachopika Hidaya akija, chumvi nyingi. Mgongo ni uleule. Nafurahi hujaumia.

Kuhusu mazishi, hakuna anayekudai. Jeneza lilibebwa na majirani na njia ilikuwa kavu. Usilirudie jambo hilo.

Umeuliza kama nitapanda. Sitapanda. Miaka thelathini na minane mimi nachimba mashimo mbele, mama yenu anafuata nyuma anadondosha mbegu na kufukia kwa kisigino. Sikuwahi kugeuka kuangalia anaweka ngapi. Ningegeuka kwa nini? Nilikuwa nasikia kisigino chake. Masikio yalipofunga nikawa nakisikia kwa nyayo, udongo wa kwetu unatikisika kidogo mtu akikanyaga.

Sasa nikichimba, nyuma atafuata nani?

Habari ya nyota ni nzuri. Habari za maharage usiniandikie tena.

Baba yako


Umm Salal, Doha
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuombea mgongo upoe, na Hidaya apunguze mkono kwenye chumvi. Mimi ni mzima.

Habari za maharage nitaziweka mwishoni, ukitaka uikate karatasi kabla hujafika huko.

Wiki iliyopita Hamza alifungua bomba akapiga kelele tukatoka mbio. Kiangazi chote tangi liko juani, maji ya bomba yanatoka kama ya ugali. Unachota ndoo usiku ili uoge asubuhi. Siku hiyo yalitoka ya vuguvugu. Watu wazima sita, Mnepali, Wabangali, mimi na Hamza, tumejipanga kuweka mikono chini ya bomba kama tunaona maji kwa mara ya kwanza. Hamza akasema, "Haya, aliyekuwa anamdharau Suheli aombe radhi." Nikamwambia ni yeye.

Sasa jioni hatukai ndani. Tunatoa mikeka, tunawasha mkaa, Hamza anapika chai ya maziwa yenye iliki anavyoipika yeye, tangawizi mpaka koo linalia. Tunachovya tende za mavuno ya Agosti, ambazo zimekaa mpaka zimeiva sukari. Magodoro yote tumeyaanika. Kuna upepo mdogo wa kaskazini, ukikugusa shingoni unanyamaza katikati ya maneno. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kushangazwa na hewa.

Na baba, mbayuwayu wamepita. Asubuhi ya Ijumaa waya wa umeme ulikuwa mweusi kwa ndege, wamechoka, hata nikipita chini hawaruki. Bu Jasim akasema wanatoka nchi za baridi na wanaelekea kwenu Afrika. Yaani ndege mdogo hivyo anavuka bahari na jangwa, anapumzika juu ya kichwa changu, halafu anakwenda kwetu kabla yangu! Nilisimama pale mpaka Hamza akapiga honi. Waangalie wakifika.

Sasa maharage. Mama alikuwa anaweka mbili kila shimo, na kule juu kwenye mawe tatu. Najua kwa sababu nilikuwa mgongoni mwake, na baadaye nilikuwa nyuma yake. Halafu jambo moja linanisumbua. Alilala kitandani kabla ya kumaliza kuvuna. Je, alitia majivu kwenye kibuyu, wadudu wasiingie? Tafadhali fungua uangalie. Hata kama hupandi.

Mwanao,
Omari


Umm Salal, Doha
27 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Najua umeipata barua yangu, Hidaya ameniambia: umeisoma, umeikunja, umeiweka mfuko wa koti. Hajui zaidi ya hapo na mimi sijui. Sikulazimishi.

Naandika kwa sababu mvua imenyesha.

Wanaiita wasmi. Bu Jasim alikuwa anaihesabia siku tangu nyota ile. Ilikuwa saa kumi jioni, mbingu ikawa rangi ya sufuria, ngurumo moja, halafu matone makubwa, kila tone linachimba kishimo chake kwenye vumbi. Ilinyesha kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Kwetu hiyo si mvua, kwetu hata nguo hazianuliwi. Hapa watu walisimamisha magari barabarani wakashuka, wamefumba macho, nyuso juu. Mnepali wetu alikaa chini kwenye tope akanusa mkono wake. Nami nikanusa wangu. Ilikuwa harufu ya kwetu, baba, ile ya jembe la kwanza. Ardhi ambayo haijawahi kuniona nikiwa mtoto, ina harufu ileile.

Sikulia kwenye simu siku Hidaya aliponipigia. Nililia hapo.

Je, mvua imefika Mlalo?

Mwanao,
Omari


Umm Salal, Doha
17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba uwe mzima. Mimi nina afya lakini nina aibu, na hakuna mwingine wa kumwambia anayejua jembe.

Mwisho wa shamba kuna kipande cha jangwa, ukubwa wa uwanja wa shule, Bu Jasim amekizungushia waya. Hakuna kitu ndani. Miaka miwili na nusu napita pale naona kokoto tu. Baada ya mvua vikatoka vichipukizi, majani madogo ya kijivu, yanatambaa. Nikaona magugu. Wewe umenilea hivi: gugu usilipe siku ya pili. Bu Jasim alikuwa amesafiri, nikasema nimfurahishe mzee. Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, nikaingia na jembe. Nilipiga nusu ya kipande. Nilikisafisha, baba, ungeona ungesema hapa amepita mtu aliyefundishwa.

Hamza akaja na gari, akashuka, akashika kichwa.

"Omari! Umefanya nini?"

"Nimepalilia."

"Umepalilia jangwa? Nani kakwambia jangwa linapaliliwa?"

Kumbe kijani kile wanakiita rugrug, na ndicho alichokuwa analinda. Chini ya mizizi yake, ngurumo za wasmi zikishapiga, kunaota kitu wanakiita fagaa. Hakina jani, hakina shina, hakuna anayekipanda, na hakuna anayejua kitatokea wapi. Kinakaa chini mpaka Januari au Februari, ndipo ardhi inapasuka juu yake. Ni cha mviringo kama kiazi, kinaliwa, na Bu Jasim amezungushia waya ule miaka kumi na miwili akikisubiri. Miaka mingine hakiji kabisa.

Alirudi jana. Nilimpeleka mwenyewe, sikutaka aambiwe. Hakupiga kelele. Aliinama akaokota kijani kimoja kilichonyauka, akakiviringisha vidoleni.

"Kwenu wewe ni mkulima?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilijua. Asiyekuwa mkulima asingefanya kazi nzuri namna hii." Halafu akasema, "Mara nyingine piga magoti kwanza. Uangalie ni nini. Jembe haliendi popote."

Akaniacha na kazi yangu. Afadhali angenitukana.

Nimekuandikia ili ujue mwanao anachokifanya huku na mafunzo yako.

Mwanao mwenye aibu,
Omari


Mlalo, Lushoto
2 Desemba 2024

Mwanangu Omari,

Marahaba. Hapa tuna uzima, na mvua ipo tangu mwishoni mwa Oktoba. Mbayuwayu wako walifika. Hawakuleta salamu yoyote.

Barua yako ya kupalilia jangwa nimeisoma nimeketi juu ya kinu, na nimecheka mpaka Hidaya akatoka jikoni mbio akidhani nalia. Nilimwonyesha karatasi, akacheka na yeye, halafu tukalia kweli. Tangu Julai nyumba hii haikuwa na vyote viwili kwa siku moja.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza. Barua yako ya Oktoba ilipofika nilifungua kibuyu. Mama yenu hakutia majivu, alikuwa ameshazidiwa. Maharage yamebunguliwa yote. Niliyamwaga kwenye ungo, ulikuwa unga na maganda yenye matundu. Nilichambua siku nzima nikitafuta hata moja. Hakuna. Ningekuandikia nini? Miezi mitatu nilipita karibu na kibuyu kile nikakiogopa, na majivu yapo jikoni kila siku. Uzembe ule ni wangu. Niliona bora ufikiri nimekasirika.

Wiki iliyopita niliingia shambani. Sikuingia kupanda, niliingia kwa sababu magugu yalifika magotini na majirani wanaona. Nimeanzia juu, kwenye mawe. Nimeinua jembe. Barua yako ilikuwa mfukoni, na nikasikia aibu, kama namwona huyo Mwarabu wako ambaye sijawahi kumwona, anaokota kijani kilichonyauka. Nikashusha jembe chini, nikapiga magoti. Unajua magoti yangu. Nimetenganisha magugu kwa mikono.

Omari, kulikuwa na mharage.

Nikatenganisha tena, kulikuwa na mwingine. Ndipo nikakumbuka. Mstari wa juu kabisa hakumaliza kuuvuna. Siku ile alisema anasikia kizunguzungu, atarudi kesho. Hatukurudi, na mimi sikuukumbuka tena. Maganda yamekauka, yamepasuka yenyewe, mbegu zimelala chini kiangazi chote bila kupewa chochote na mtu, na mvua imekuja imezikuta.

Ni miche kumi na moja. Nimehesabu asubuhi na jioni. Kama ungekuwa hujaharibu shamba la watu, ningekuwa nimeikata yote, kwa kazi nzuri.

Nimekata vijiti, nimezungushia waya. Sasa na mimi nina kipande changu cha kulinda.

Baba yako


Umm Salal, Doha
9 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Picha ya mimea kumi na moja aliyonitumia Hidaya nimeionyesha kwa Wabangali, kwa Mnepali, kwa muuza duka. Bu Jasim nilimweleza kwa Kiarabu changu kibovu na mikono. Aliitazama muda mrefu akauliza, "Hakuna aliyepanda?" Nikasema hakuna. Akasema neno moja tu, "Subhanallah," na kila asubuhi tangu hapo ananiuliza habari za maharage kabla ya habari za pampu.

Baridi huku sasa ni ya kweli, tunafanya kazi na koti. Watu wa mjini wanatoka na mahema, wanakwenda kukaa jangwani na moto wa kuni, wanafurahia baridi kama sisi tunavyofurahia sikukuu. Siku ya Alhamisi mzee alinichukua, mimi na yeye tu, tukaingia kwenye waya.

Nilitembea nyuma yake. Alikuwa anatembea polepole, ameinama, jua likiwa chini, kwa sababu jua la chini linaonyesha vivuli. Kwenye nusu niliyoipalilia hatukuona kitu. Ardhi ilikuwa sawa kama sakafu niliyoiacha. Nilitamani inimeze. Tulivuka tukaingia nusu nyingine, kwenye kijani. Akasimama. Akanionyesha kwa fimbo: ufa, mdogo, umejikunja kama ufa wa mkate ukiiva, na udongo umeinuka kidogo.

"Wewe," akasema.

Nikapiga magoti. Nilichimba kwa vidole. Kikatoka, baba. Kizito, cha kahawia, chenye joto la ardhi asubuhi ya baridi. Hakina mzizi. Hakijashikwa na kitu chochote, kimekaa pale peke yake kama kimewekwa na mkono. Nimefanya kazi ya udongo tangu nikiwa na miaka saba na sijawahi kuogopa udongo. Siku hiyo niliuogopa, kwa heshima.

Tulipata tisa. Kimoja alinipa mimi, tumekipika na vitunguu, watu sita, kila mtu kipande cha kidole. Ladha sitaweza kuiandika, ila ni karibu na harufu ya ile mvua.

Je, maharage yamekauka? Umetia majivu?

Mwanao,
Omari


Mlalo, Lushoto
23 Machi 2025

Mwanangu Omari,

Marahaba, na amani ya nyumba hii ikufikie. Ninakula vizuri. Chumvi nimeizoea.

Majivu nimetia. Nimetia mpaka Hidaya akasema naoka mkate. Mimea kumi na moja imenipa vikombe viwili na kiganja. Kiganja nimekiweka pembeni kwenye chupa, kina jina lako, mkataba wako ukiisha Agosti utakikuta. Vikombe viwili nimevipanda jana, masika imefungua vizuri.

Nikuambie nilivyopanda, kwa sababu uliniuliza mwanzo na nilikujibu vibaya.

Nimechimba mstari wa kwanza mpaka mwisho, kama kawaida. Nikafika upande wa mgomba ninaoulenga kila mwaka. Nikasimama nikingoja kutikisika kwa udongo, kwa mazoea tu, najua hakuna mtu. Halafu nikaweka jembe chini. Nikarudi mwanzo wa mstari, mahali alipokuwa anaanzia yeye, mbegu nimezitia kwenye kanga yake kama alivyokuwa anafanya. Mbili kila shimo, kwenye mawe tatu. Kisigino.

Miaka thelathini na minane sikuwahi kusimama upande ule. Nimeinua macho, na mbele yangu kulikuwa na mashimo yangu yote, ule mstari wangu ninaoringia kwa majirani, na Omari, umepinda. Umepinda kama nyoka. Unaanza kwenye jiwe, unakwenda kulia, unarudi kushoto, unaukosa mgomba kwa hatua nne.

Na mama yenu alikuwa anaufuata hivyohivyo, nyuma yangu, mwaka kwa mwaka, na hakuwahi kuniambia.

Baba yako